Mtungi Ulikuwa Unaisha Haraka, Nikamlaumu Wakala: Somo la Gesi kwa Tunaopikia Kwenye Kirikuu

Leo siongelei picha nzuri wala namna ya kujibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho". Leo naongelea kitu ambacho sisi tunaouza chakula kwa oda tunakishika kila siku na wengi hatukijui vizuri: gesi. Hasa nyie mliotoka kupikia nyumbani mkahamia kwenye kirikuu, bajaji ya mizigo au kontena dogo. Posti ni ndefu. Isome yote, maana kuna hela humu ndani, na kuna uhai pia.

Naanza na aibu yangu.

Mi nauza chakula cha mchana. Oda zinaingia WhatsApp mpaka saa nne asubuhi, napika ndani ya kirikuu, saa sita boda anaanza kusambaza. Mtungi wa kilo 15 ulikuwa unanipeleka siku nane. Ghafla ukaanza kuisha siku ya sita. Oda ni zile zile, sufuria zile zile, mpishi ni mimi yule yule. Kichwani nikawa na jibu moja tu: wakala ananipunja.

Nikaenda dukani kwake na mtungi mtupu, nikaongea. Nikaongea sana, mbele ya wateja wake. Yule mzee hakubishana na mimi. Akasema, "Mama, tulia kwanza." Akachukua mtungi uliojaa, akauweka juu ya mizani mbele ya macho yangu. Kwenye mtungi pameandikwa uzito wa chuma kitupu: kilo 16.2. Mizani ikasoma 31.2. Toa hapo, inabaki 15 kamili.

Akaniambia, "Sasa kaazime mizani. Leo ukimaliza kazi, weka mtungi juu ya mizani huko huko kwenye gari. Usichomoe kitu. Andika namba. Asubuhi kabla hujawasha jiko, soma tena."

Nikaazima mizani kwa jirani anayeuza unga. Jioni ikasoma 29.4. Asubuhi ikasoma 28.9.

Nusu kilo imeondoka usiku, jiko limezimwa, gari limefungwa kufuli, limeegeshwa chini ya dirisha la chumba wanacholala wanangu.

Kumbe mpira wa gesi ulikuwa unapita kwenye ukingo wa bati. Barabara ya mtaani kwetu ni mashimo matupu, kila nikipita mpira unasuguliwa, mpaka ukapata ufa mdogo ambao hata huuoni. Na harufu nilikuwa naisikia kila asubuhi nikifungua mlango! Nikajua ndo kawaida ya majiko ya gesi. Kosa la pili: jioni nilikuwa nazima jiko tu. Regulata pale juu ya mtungi naiacha wazi usiku kucha.

Nilirudi kwa yule mzee kuomba radhi, tena mbele za watu vile vile. "Nisamehe mzee wangu, nimekukosea." Akacheka. "Haiibi wakala tu, mama. Hata mpira unaiba."

Basi tangu siku hiyo mizani yangu haikai mbali na mtungi. Na nilichojifunza ni hiki: kwenye jiko la gesi, usalama na faida ni kitu kimoja. Gesi inayovuja ni hela inayovuja, na ndiyo hiyo hiyo inayolipua. Twende taratibu.

KWANZA, IJUE HII GESI

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imebanwa mpaka ikawa maji. Ukifungua, yale maji yanageuka kuwa mvuke, na mvuke huo ni mwingi kupita unavyodhani: lita moja ya maji ya propani inatoa kama lita 270 za gesi. Ndo maana mtungi haujazwi mpaka juu kabisa. Unaachiwa nafasi kama asilimia 20, ili gesi ikipata joto na kutanuka isikose pa kwenda.

Mambo matatu ya kushika.

Moja, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi. Inashuka chini, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye kona na kwenye mashimo kama maji. Unaweza kuwa umesimama, pua yako iko juu na huisikii vizuri, kumbe miguuni imeshajaa.

Mbili, yenyewe haina harufu. Ile harufu kama ya kitu kilichooza imewekwa makusudi kiwandani ili tukimbie. Kwa hiyo harufu si kawaida ya jiko la gesi. Harufu ni kengele.

Tatu, haihitaji kuwa nyingi ndo iwake. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa ya chumba, mpaka kwenye asilimia 10, cheche moja inatosha.

Sasa nikupe hesabu iliyoninyima usingizi. Boksi la kirikuu changu ndani ni kama mita 1.9 kwa 1.4, na kwenda juu mita 1.7. Hiyo ni lita 4,500 za hewa hivi. Nusu kilo ya gesi ikitoka inakuwa kama lita 250. Gawanya: ni zaidi ya asilimia 5. Katikati kabisa ya eneo la hatari. Kilichoniokoa ni mlango mbovu wenye uwazi chini, gesi ikawa inatokea hapo. Ule mlango nilikuwa nimepanga kuurekebisha wiki ile ile.

MTUNGI UKAE WAPI

Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaosafiri na magari yenye kitanda, jiko na friji ndani, na vingi vya vitu hivyo vinatumia gesi ya propani. Wao wanaishi na mtungi barabarani miezi na miezi, kwa hiyo walilazimika kujifunza mapema. Jambo wanalolisisitiza kuliko yote ni hili: mtungi haukai chumba kimoja na watu. Unakaa kwenye kabati lake, mlango wa kabati unafungukia nje ya gari, ukuta wa upande wa ndani umezibwa kabisa, na chini pana matundu ya kutolea gesi nje. Ikivuja, inashuka na kuondoka zake.

Hili tunaliweza hata sisi. Fundi wa kuchomelea anayekutengenezea boksi mwambie tangu mwanzo: nataka kijumba cha mtungi kwa nje, nyuma au ubavuni, chenye matundu chini. Matundu hayo yasitazamane na ekzosi wala yasiwe karibu na betri. Kama boksi lako limeshatengenezwa na huna hela ya kulifumua, basi angalau toboa tundu la kutolea hewa sakafuni karibu na mtungi, na lingine juu upande wa pili ili hewa izunguke. Kisha usiliwekee ndoo juu yake wala usilizibe kwa sababu vumbi linaingia. Weka wavu.

Mengine ya mtungi:

Usimame wima, siku zote. Ukilala, yale maji ya gesi yanaingia kwenye regulata na mpira, na moto unaweza kuruka ghafla. Najua wengi tunaulaza gesi inapokaribia kuisha ili tukamue ya mwisho. Acha. Hiyo ya mwisho haifikii bei ya nyusi zako.

Ufungwe. Mkanda wa kubana mizigo, sehemu mbili, juu na chini. Gari likifunga breki ghafla, mtungi wenye kilo 31 ukiruka unaondoka na regulata yake.

Usipigwe jua wala usikae karibu na jiko. Joto likipanda, msukumo ndani ya mtungi unapanda. Kirikuu kilichoegeshwa juani mchana wa Dar au Mombasa na madirisha yamefungwa ni oveni.

Ukiendesha, uzime. Kabla ya kuwasha injini, zungusha regulata mpaka izime. Usiseme "naenda hapo tu". Na usiingie sheli kuweka mafuta huku kuna moto wowote unawaka nyuma, hata wa kupasha supu.

Na lingine, tafadhali: usiweke jiko la mkaa ndani ya boksi moja na mtungi wa gesi. Nimeona watu wanachoma mishikaki upande huu, mtungi uko upande ule. Hapo unaomba msiba.

MPIRA, REGULATA NA POVU LA SABUNI

Vitu viwili vinavyovujisha zaidi ni mpira na maungio yake. Jikoni kwako nyumbani mpira unakaa tu. Kwenye gari unatingishwa, unasuguliwa, unamwagikiwa mafuta ya kukaangia na unapigwa joto. Kwa hiyo usiufananishe na wa nyumbani.

Nunua mpira wa gesi ulioandikwa kwamba ni wa gesi. Mpira wa maji au wa hewa ya tairi hauvumilii gesi, unalainika na kupasuka. Usiwe mrefu kupita mita moja na nusu. Usipite nyuma ya jiko wala juu ya ukingo wa bati. Ukilazimika kuupitisha kwenye bati, tundu livalishwe raba ili chuma kisiukate. Mwisho huu na huu ubanwe kwa klipu za kukaza kwa bisibisi, si waya wala kipande cha nguo. Mi nabadilisha mpira kila mwaka, hata kama unaonekana mzima. Bei yake ni ya sahani chache za chakula.

Regulata iwe ya aina inayolingana na mtungi na jiko lako. Jiko la kawaida la plate mbili linataka msukumo mdogo. Lile jiko kubwa la moto mkali la kukaangia chipsi linataka regulata yake. Ukichanganya, ama moto haupandi, ama unaruka. Na kila unapobadilisha mtungi, angalia ile raba ndogo ya duara pale regulata inapokaa. Ikiwa imekatika au haipo, usitumie mtungi huo. Urudishe.

Sasa kipimo. Chukua maji kikombe kimoja, sabuni ya kuoshea vyombo kijiko, koroga mpaka upate povu. Jiko lizimwe, kusiwe na moto wowote karibu. Fungua regulata, paka povu kwenye raba ya mtungi, kwenye regulata, mpira wote, klipu, mpaka koki za jiko. Pakitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Zima, rekebisha, pima tena. Usipime kwa kiberiti, hata kama fundi anakuambia yeye ndo anavyofanya miaka yote. Kazi nzima ni dakika tano. Fanya kila unapobadilisha mtungi, na kila Jumapili.

Ukiwa na uwezo, nunua kifaa cha kunusa gesi kinachopiga kelele. Kifungwe chini, karibu na sakafu, kwa sababu gesi inashuka. Wengi wanakifunga juu karibu na paa kama taa, halafu wanashangaa hakilii.

UKISIKIA HARUFU ASUBUHI

Hapa ndo pa kusoma mara mbili.

Ukifungua mlango ukasikia harufu, usiwashe taa. Na kama taa inawaka, usiizime, kwa sababu swichi inatoa cheche ikiwashwa na ikizimwa. Usiwashe gari. Usipokee simu hapo ndani, hata kama ni mteja wa oda ya sahani 50. Usiwashe feni eti itoe harufu.

Zima regulata kama unaifikia bila kujihatarisha. Fungua milango yote. Toa watu, sogea mbali, waambie na majirani wazime majiko ya mkaa yaliyo karibu. Subiri mpaka harufu iishe kabisa, ndipo utafute inapovuja kwa povu. Harufu isipoisha, au ukisikia mlio wa gesi inayotoka na huwezi kuizima, piga 114 kwa hapa Tanzania, ni namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Piga ukiwa mbali na gari.

Oda zitachelewa? Ndiyo. Watumie wateja ujumbe: "Samahani, leo jiko lina hitilafu, chakula kitachelewa saa moja, asiyeweza kusubiri namrudishia hela." Mteja anaelewa. Mi nimewahi kuutuma ujumbe huo na hakuna aliyeondoka.

MOTO WA NJANO NA HATARI ISIYO NA HARUFU

Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Ukiona wa njano, unapeperuka na kupaka sufuria masizi, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha au matundu ya jiko yameziba. Hapo unapoteza mara mbili. Kwanza gesi inaungua vibaya, joto ni dogo. Pili, inatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ukiwa unapika ndani ya boksi na kichwa kinakuuma kila siku, halafu ukitoka nje kinaacha, usimeze panadol tu. Angalia moto wako.

Pika milango ikiwa wazi. Mvua ikinyesha, funga upande mmoja, acha mwingine. Na kama una tabia ya kulala garini ukienda kwenye tamasha au mnada wa mbali, usiache jiko linawaka ili upate joto. Makambako au Mbeya kuna baridi, najua. Beba blanketi. Watu wanalala na moto ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi hawaamki.

KUNUNUA: MIZANI NI HAKI YAKO

Hapa ndo nilipokosea mimi, kwa hiyo sikiliza kwa makini. Usilaumu kabla hujapima, na usilipe kabla hujapimiwa.

Tafuta kwenye mtungi uzito wa chuma kitupu, umechapwa kwenye mwili wake au kwenye ile duara ya juu. Jumlisha na kilo za gesi: 6, 15 au 38 kwa hapa kwetu, na Kenya mnajua 6 na 13. Jibu ndo mizani inapaswa isome. Wakala mzuri haoni shida kukupimia. Anayekwambia "we chukua tu, ipo full", nenda duka la pili. Angalia na lakiri juu ya koki haijavunjwa, chuma hakijaoza kwa kutu, hakijabonyea.

Na kamwe usinunue gesi ya kuhamishiwa mtaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Ni rahisi kidogo, lakini hujui imejazwa kiasi gani, na mtungi uliojazwa kupita kiasi ukikaa juani hauna nafasi ya kutanuka. Tarehe 1 Februari 2024 usiku, huko Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia gesi ambalo halikuwa na kibali. Watu walikufa, mamia wakaumia, na wengi wao walikuwa tu majumbani kwao, hawakuwa wakinunua chochote. Gesi ya uchochoroni haimalizani na muuzaji peke yake.

HESABU: SAHANI MOJA INAKULA GESI YA SHILINGI NGAPI?

Sasa tuje kwenye hela. Nikiuliza wauza chakula, mchele kilo ngapi kwa siku, wote wanajibu. Nikiuliza gesi gramu ngapi kwa sahani, kimya.

Fanya hivi siku tatu. Pima mtungi asubuhi kabla ya kuwasha. Pima tena ukimaliza kupika. Tofauti ndo gesi uliyotumia. Gawa kwa idadi ya sahani.

Mfano wangu. Tuseme mtungi wa kilo 15 umenunua kwa 55,500. Kilo moja inakuwa 3,700. Siku napika sahani 60 natumia kilo 1.8. Hiyo ni 6,660. Gawa kwa 60, unapata shilingi 111 kwa sahani. Bei za kwako zitakuwa tofauti, weka namba zako.

Shilingi 111 inaonekana ndogo? Turudi kwenye ile nusu kilo ya usiku. Ni 1,850 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 48,100. Karibu mtungi mzima kila mwezi nilikuwa nautoa sadaka kwa upepo. Na nilikuwa napunguza nyama kwenye sahani ili nifidie!

Mizani ikishakuwa na kumbukumbu, inaongea. Namba ya jioni na ya asubuhi zikipishana wakati jiko limezimwa, unavuja. Matumizi ya mchana yakipanda bila oda kupanda, kuna kitu kimebadilika: matundu yameziba, upepo, au msaidizi anaacha moto ukiwaka bila sufuria. Huhitaji kugombana na mtu. Unaonyesha daftari.

Kukusaidia kukadiria: kichwa cha kawaida cha jiko la plate mbili kikiwa wazi chote kinakula kama gramu 200 mpaka 250 kwa saa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakupa kama saa 25 za moto mkubwa wa kichwa kimoja, na wa kilo 15 kama saa 60 na ushee. Lile jiko la moto mkali linaweza kula robo tatu ya kilo kwa saa au zaidi. Ukiwa nalo, usilifungue kuchemshia chai.

Na ukiwa na jiko kubwa usitumie mtungi mdogo. Gesi ikitolewa kwa kasi, mtungi unapoa, unatoa jasho kwa nje, na moto unashuka wakati bado gesi ipo. Hapo ndo watu wanapoanza kuumwagia maji ya moto au kuusogezea mkaa. Usifanye hivyo. Tumia mtungi mkubwa, au punguza moto.

KUPUNGUZA MATUMIZI BILA KUPUNGUZA LADHA

Funika sufuria. Najua mnajua, lakini pita jikoni kwako sasa hivi uone ngapi ziko wazi.

Maharage na choroko loweka usiku. Ukiwa na presha kuka, maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa sehemu ndogo tu ya muda wa sufuria ya kawaida. Kwa muuza wali maharage, hicho chombo kinarudisha hela yake haraka.

Maji yakishachemka, punguza moto. Maji yanayochemka kwa fujo na yanayochemka taratibu yana joto lile lile. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, hauivishi haraka.

Moto usizidi kitako cha sufuria. Miali inayopanda pembeni inapasha hewa ya mtaa.

Kinga upepo. Kirikuu kimefunguliwa ubavu, upepo wa baharini unapiga, moto unalala upande. Weka bati la kukinga upande mmoja wa jiko. Usilizungushie jiko lote, litakosa hewa, na lisielekeze joto kwenye mtungi au mpira.

Safisha matundu ya jiko kila wiki kwa brashi na sindano. Uji ukimwagika, siku hiyo hiyo.

Panga oda. Hili ni letu sisi wa mtandaoni. Ukipokea oda moja moja mpaka saa saba, utapasha chakula mara sita. Weka saa ya kufunga oda, isimamie, pika mara moja, weka kwenye hotpoti. Boda akichelewa, chakula kinamsubiri kwenye hotpoti, si kwenye moto mdogo unaokula gesi polepole.

MOTO UKITOKEA

Weka kizimamoto cha unga karibu na mlango, si nyuma ya jiko. Ukiweka nyuma ya jiko, siku ya siku utahitaji kupita kwenye moto ili ukifikie. Jifunze kukitumia kabla, na angalia mshale wake uko kwenye kijani.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji. Zima gesi, funika kwa mfuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, acha mpaka ipoe.

Moto ukiwaka pale kwenye regulata au mpira, kazi ya kwanza ni kuzima gesi kwenye mtungi kama mkono unafika salama. Ukiuzima moto bila kuzima gesi, gesi inaendelea kutoka na kujikusanya, halafu inalipuka. Kama hufiki, au mtungi wenyewe unaungua, usiwe shujaa. Toa watu, kimbia mbali, piga 114. Gari utanunua lingine.

RATIBA YANGU, UKIPENDA ICHUKUE

Asubuhi: fungua milango, nusa ukiwa umeinama, soma mizani, ndipo washa.
Mchana: moto wa bluu, milango wazi.
Kabla ya kuondoka na gari: regulata imezimwa, mkanda umekaza.
Jioni: zima gesi kwenye mtungi kwanza, acha moto wa jiko ufe wenyewe, kisha funga koki za jiko. Soma mizani, andika.
Jumapili: povu.

Na dokezo la mwisho la biashara. Ukishapanga mtungi wako vizuri, mpira mpya, kizimamoto kinaonekana, piga video fupi uiweke status. Wateja wanapenda kuona chakula kinapotoka. Mi niliweka yangu, na mteja mmoja wa ofisini akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mwanzo haikuwa hivyo?" Nikamjibu ukweli: haikuwa. Akaagiza sahani nane.

Leo usiku, kabla hujalala, nenda kapime mtungi. Kesho asubuhi soma tena, uje uniandikie hapa chini namba zako mbili. Na kama unamjua mtu anayepikia kwenye gari, mtumie hii posti kabla hajafungua mlango kesho.